Naomba ushauri: akili unde kwenye simu ya mama

Wazazi wenzangu wa Nairobi, nisaidieni. ChatGPT, programu ya akili unde inayojibu maswali, haipokei walio chini ya miaka 13. Wa 13 hadi 17 wanahitaji idhini ya mzazi. Sasa mtoto wa Gredi ya 6 akiingia kwa akaunti ya mama, programu inaweza kumwona mtu mzima, na kinga za watoto zisifanye kazi. Hilo ndilo linanitia wasiwasi zaidi.

Kazi ya shule ina utaratibu: ajibu kwanza kwa penseli, ndipo aulize, kisha alinganishe na kitabu. Programu hubashiri maneno, kwa hiyo hata ngeli ya "maji" yaweza kuikosea kwa ujasiri. Jina, shule na picha ya sare, asitume kamwe.

Je, kwa simu moja ya nyumba nzima, mnamfungulia mtoto profaili ya pili ya Android (sehemu yake tofauti ndani ya simu hiyo), au mzazi ndiye aandike maswali?