Mjadala: Je, mwongozo wa matibabu umfunge hata daktari bingwa?

Ndugu zangu, wapo wanaoshikilia kwamba mwongozo wa matibabu ni wa madaktari wanaoanza kazi, na kwamba aliyetibu watoto miaka mingi aachwe afuate anachokiona wodini. Napinga, na ushahidi wangu unatoka hapa hapa kwetu.

Mtoto aliyeletwa na homa kali, mikono na miguu ikiwa baridi kwa sababu damu haizunguki vizuri, alikuwa akitundikiwa dripu na kuongezewa maji mengi kwa kasi, kama ilivyozoeleka katika nchi tajiri. Utafiti wa FEAST, ulioongozwa na Profesa Kathryn Maitland anayefanyia kazi Kilifi, uliipima desturi hiyo kwa watoto 3,141 katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, bila kuwahusisha wenye kuhara wala utapiamlo mkali. Matokeo ya mwaka 2011 yalitisha: ndani ya saa 48 walifariki takriban asilimia 10.5 ya waliopewa maji kwa kasi, ilhali kwa wasiopewa ilikuwa asilimia 7.3.

Lililo zito zaidi ni kwamba, saa moja baada ya kuanza tiba, waliopewa maji kwa kasi ndio walioonekana kupata nafuu zaidi. Daktari aliyeyaamini macho yake, hata awe hodari kiasi gani, angeendelea na tiba hiyo kwa moyo mweupe. Tofauti ya watoto watatu katika kila mia haionekani kitandani. Huonekana kwa kuhesabu wengi na kulinganisha. Kwa hiyo mwongozo umfunge, na anayeuacha aandike sababu kwenye faili la mgonjwa.

Jibu la kwanza

Ndugu yangu, kuhusu macho nakubali, lakini umeruka jambo moja. Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo mapya juu ya maji kwa watoto hao mwaka 2016, miaka mitano baada ya utafiti. Tabibu wa kituo cha afya aliyeyasoma matokeo mapema alitakiwa amtii nani? Tena haraka inawezekana: sindano ya artesuneti ilipoishinda kwinini katika malaria kali ya watoto mwaka 2010, mapendekezo yalibadilishwa 2011. Kabla hatujamfunga daktari, wizara zetu zifungwe kwanza kwa muda maalumu wa kuupitia upya mwongozo kila ushahidi mzito unapotoka.