Hivi Gordon-Keeble ilifeli kwanini?

Wakuu habari za leo, nimekutana na picha ya gari ya Uingereza inaitwa Gordon-Keeble, taa nne mbele zimekaa mshazari na kwenye pua ina nembo ya kobe, nzuri balaa, ila nasikia zilitengenezwa kama 100 tu. Tatizo lilikuwa nini, injini au?

Spana13: Injini haina kosa kabisa mkuu, ile ni V8 (silinda nane) ya Chevrolet Corvette, gari la michezo la Marekani, lita 5.4, bodi ya faiba imechorwa na Giugiaro, mbunifu wa magari wa Italia, akiwa Bertone, kampuni ya kubuni bodi, kijana wa miaka 21 tu. Kilichowaua ni hesabu. Walianza kuuza 1964 kwa bei ya chini mno, faida hamna, halafu wauzaji wa spea wakakwama, steringi boksi (gia za usukani) hazikuja kwa sababu ya mgomo, sasa gari bila steringi utamuuzia nani? 1965 hela ikakata. Inaniuma sana hii, gari lilikuwa limekamilika.

Mama Gia: Na kobe alikuwa wa kweli jamani, alijipitia zake wakati wanapiga picha gari, wakampenda wakamfanya nembo 😍

Kabureta: Linganisha na Jensen-Healey ya 1972, gari jingine la Uingereza, yenyewe ilizingua kwenye injini. Walichukua ya kampuni ya Lotus ikiwa bado mpya haijakomaa, za mwanzo zikawa zinavuja oili, na kampuni ya Jensen ikafa 1976.

Muuliza swali: Aisee asanteni, kumbe ni hesabu na steringi boksi tu!