Tustroki ipi ya kubadilisha kwa njia za mchanga: DT125, AG100 au TF125?

Mkorosho Madimba

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kwa wanaozijua pikipiki za tustroki (zenye injini inayounguza oili pamoja na petroli) kwa undani.

Kazi ni moja tu: kubeba salfa na blowa (mashine ya kupulizia dawa) kutoka Madimba kuingia mashambani upande wa Msimbati, msimu mzima wa kupulizia ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho. Njia ni mchanga mtupu. Mzigo ni mifuko miwili ya kilo 25, blowa na mafuta yake, halafu dereva. Pikipiki za bodaboda zinaingia, ila mzigo ukizidi zinazama na krachi zinaungua.

Zinauzwa tatu za mkononi: Yamaha DT125, Yamaha AG100 na Suzuki TF125. Yupo pia anayetangaza YZ125 ya mashindano. Nataka kununua moja niibadilishe meno ya sproketi, tairi na keria, na injini ifunguliwe kabla ya msimu. Ipi ni msingi mzuri? Nianze na kipi? Na pampu ya oili niiache au niitoe, niwe nachanganya kwenye tangi kama blowa?

Fundi Shangani

Mkuu, hiyo YZ usiende hata kuiangalia. Nguvu yake yote iko kwenye resi kubwa, chini haina kitu, na mzigo kwenye mchanga unataka nguvu ya chini. Haina pampu ya oili, inapozwa kwa maji, na pistoni yake hubadilishwa kwa kuhesabu saa za kazi. Pistoni hiyo utaitafuta Mtwara nzima huku salfa inakusubiri shambani.

DT125 na TF125 zinakaribiana sana. Zote ni cc 123, kipenyo cha silinda milimita 56 na mwendo wa pistoni milimita 50, zinapozwa kwa hewa, zina pampu ya oili. AG100 ni cc 97, ndogo, lakini ilitoka kiwandani ikiwa ya shamba: keria mbele na nyuma, stendi pande zote mbili, na cheni imefunikwa yote. Hicho kifuniko ndicho kinachonivutia kwa njia yenu. Cheni iliyo wazi ukiipaka oili inashika mchanga, na mchanga uliolowa oili ni dawa ya kusagia chuma. Sproketi za mbele zinachongoka kama meno ya papa kabla msimu haujaisha.

Kama mzigo ni huo ulioutaja na njia ni tambarare, chukua AG100. Kama kuna kupanda mlima au abiria ataongezeka, chukua DT125. TF125 naiweka ya tatu kwa ajili ya vipuri tu, kama pikipiki haina ubaya.

Ukienda kukagua, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Injini iwe ya baridi. Oilsili (mipira ya kuzuia oili na hewa) za krenki, mhimili wa injini, ziko mbili, na kila moja ikifa inajisema kivyake. Ya upande wa magneti (kushoto) ikivuja, injini inavuta hewa ya wizi: ukiachia resi haishuki haraka, inabaki inalia juu, na hapo mchanganyiko ni mkavu (petroli kidogo, hewa nyingi), pistoni inapata joto hadi inatoboka. Ya upande wa krachi (kulia) ikivuja, krenki inafyonza oili ya gia boksi: moshi mweupe mzito usiokoma hata injini ikipata moto, na oili ya gia boksi inapungua wakati chini hakuna tone. Muuzaji atakwambia moshi ni kawaida ya tustroki. Moshi wa kuwashia asubuhi ni kawaida. Huo unaoendelea baada ya kilomita tatu si kawaida.

Kisha toa eksozi, boli chache tu, na chungulia tundu la silinda kwa tochi huku ukisukuma kiki taratibu kwa mkono. Utaiona pistoni upande wa eksozi, ndiko inakoumia kwanza. Mistari myembamba inayoteleza chini ya ukucha si kitu. Mistari inayokwamisha ukucha ni silinda ya kupeleka kuchongwa na pistoni ya oversaizi (kubwa kidogo), kwa hiyo bei ishuke kwa gharama hiyo.

Pampu usiitoe. Nitalirudia nikipata nafasi, maana hapo ndipo wengi wanaua injini.

Bonde la Ruvuma

Nakubali kuhusu YZ. Naongeza jambo la kabureta, maana linasahaulika.

Huko Canada na Marekani wapo wanaotoa magurudumu ya pikipiki za porini, wanafunga mkanda wa mpira nyuma na ski mbele, wanapanda theluji. Tatizo lao na letu ni ndugu: injini inavuta muda wote, haipati sehemu ya kuteleza ikapumua kama barabarani. Tofauti ni hewa. Hewa yao ya baridi ni nzito, kwa hiyo wanaweka jeti kubwa (tundu la kupimia petroli kwenye kabureta). Yetu ya joto ni nyepesi, jeti ile ile inatoa mchanganyiko tajiri kidogo (petroli imezidi). Kwa hiyo usiharakishe kupunguza jeti ati kwa sababu plagi ni nyeusi. Tustroki iliyo tajiri inachafua plagi. Iliyo kavu inaua pistoni.

Kama pikipiki ilikuwa inatumika Newala au Tandahimba, angalia jeti kuu ina namba gani kabla ya kuishusha pwani. Newala iko zaidi ya mita 600 juu ya bahari, hewa ni pungufu, na mtu aliyeirekebisha huko anaweza kuwa ameweka jeti ndogo. Ukiileta Madimba usawa wa bahari, jeti hiyo inakuwa kavu. Kinyume chake hakina hatari: iliyorekebishwa pwani ikipanda Newala itakuwa nzito tu na moshi utaongezeka.

Kuipima: funga plagi mpya ya namba iliyo kwenye kitabu, endesha gia ya tatu resi yote kama nusu kilomita ukiwa na mzigo, zima injini na kamata krachi kwa wakati mmoja, usiiache inguruma chini. Toa plagi. Kahawia ya maganda ya korosho iliyokaangwa ni sawa. Nyeupe, au yenye vidoadoa vidogo vya kung'aa, simama hapo hapo. Vile vidoa ni alumini ya pistoni. Plagi za NGK namba ikipanda ni ya baridi zaidi, B8 ni baridi kuliko B7. Kwa kazi ya mzigo usishuke chini ya namba ya kitabu.

Kitangali Juu

Samahanini, mimi naona swali lenyewe lina kasoro. Kwa nini tustroki? Fostroki ya cc 150 ina vipuri kila kijiji, inakula mafuta kidogo, haihitaji oili ya 2T, ile ya kuungua na petroli. Akibadilisha sproketi na tairi atapita vilevile.

Fundi Shangani

Hoja nzuri, kaka, na kwa barabara ya kifusi ningekuwa upande wako. Kwa mchanga, angalia mambo mawili. Kwanza uzito: hizi ziko karibu na kilo 100, na ikizama dereva anainyanyua mkia peke yake. Pili matengenezo: silinda ikiisha unafungua kichwa na silinda, unaweka pistoni, ringi, pini na gasketi, imekwisha. Hakuna valvu wala cheni ya taimingi. Oili ya 2T ataibeba hata hivyo kwa ajili ya blowa. Ila ulaji wa mafuta ni kweli, aweke bajeti.

Sasa mabadiliko. Anza na meno. Mfano ukikuta 15 mbele na 45 nyuma, uwiano ni 3.0. Ukiweka 14 na 49 unapata 3.5, nguvu ya kuvuta inaongezeka kama asilimia 17 na mwendo unapungua kama asilimia 14 kwenye resi ile ile. Cheni itataka kuongezewa pingili mbili. Usiishie kupunguza mbele hadi 12, sproketi ndogo mno inakunja cheni kwa pembe kali na kuila haraka. Kwenye AG100 badilisha ya mbele peke yake, kwa jino moja, maana kifuniko cha cheni kinabana sproketi kubwa ya nyuma, na kukitoa kifuniko ni kutupa kile ulichoinunulia.

Tairi iwe ya vidole virefu nyuma, na upepo ushuke. Bila mzigo psi 12 hadi 14, na mzigo huo psi 18. Upepo ukiwa mdogo tairi inazunguka juu ya rimu na kung'oa shingo ya tyubu. Dawa ni kile kibano cha ndani kinachoshikilia tairi kwenye rimu. Kama hukipati, ile nati ya shingo ya tyubu usiikaze kwenye rimu, irudishe juu hadi kwenye kifuniko. Shingo ikianza kulala upande utaiona mapema, utatoa upepo na kuinyoosha kabla haijakatika.

Keria: mkia wa fremu ya DT ni mwembamba. Keria ikishikiliwa na boli za kiti tu, fremu itapasuka kwenye maungio. Shusha miguu miwili ya bomba hadi kwenye maungio ya vikanyagio vya nyuma. Mifuko ikae pembeni kama shogi la punda, chini na karibu na dereva, blowa juu katikati. Mzigo wote ukiwa juu nyuma, mbele panakuwa pepesi na usukani unatangatanga kwenye mchanga.

Na hili ni la usalama: eksozi ya DT inapita juu, ubavuni. Salfa huyeyuka kwenye nyuzi 115 hivi, na eksozi inazidi hapo kwa mbali. Ikishika moto inatoa moshi unaokaba pumzi. Weka bati la kukinga na nafasi ya vidole vinne kati ya bati na mfuko, na mfuko uliochanika usiufunge upande huo kabisa.

Eya klina ya sponji ioshwe kila siku ya kazi wakati wa salfa. Mafuta ya taa kwanza, kisha sabuni, ikauke, ipake oili, ikamuliwe isidondoshe. Mdomo wa boksi inapokaa upake grisi. Bila grisi mchanga unapita pembeni ya sponji, na hiyo sponji safi haikusaidii kitu.

Mkorosho Madimba

Shukrani sana wakuu. Naelekea AG100. Fundi, ile ya pampu umeahidi kurudi. Na oilsili nitazipimaje bila kusubiri zijiseme?

Fundi Shangani

Pampu inatoa oili kwa kufuata mwendo wa injini na resi pia. Ukichanganya kwenye tangi, oili inakuja na petroli tu: ukiachia resi kwenye mteremko mrefu injini inazunguka kasi na karibu haipati oili. Halafu vijana wakijaza petroli tupu kwa kusahau, ndiyo mwisho. Kinachoua injini zenye pampu ni hewa kwenye mpira wa oili. Tangi la oili likikauka mara moja, kulijaza hakutoshi. Legeza skrubu ya kutolea hewa kwenye pampu, acha oili itoke hadi isiwe na mapovu, kaza. Hakikisha alama ya puli ya pampu inakaa pale kitabu kinaposema, kwa sababu kebo iliyolegea inapunguza oili kimyakimya. Kwa lita tano za kwanza weka na oili kwenye petroli, mililita 100, yaani 20 kwa lita, hadi uone tangi la oili linashuka lenyewe.

Oilsili pima hivi. Ziba mdomo wa kabureta na tundu la eksozi kwa mpira mzito, pistoni iwe chini kabisa. Kwenye tundu la plagi funga kiunganishi na pampu ya mkono ya ile mashine ya kupimia presha ya damu. Jaza hadi 300 kwenye saa yake, ambayo ni karibu psi 6, usizidishe. Subiri dakika tano. Sindano ikisimama, umepona. Ikishuka, toa gurudumu la magneti, paka povu la sabuni kwenye oilsili: mapovu yakitoka ni ya kushoto. Yasipotoka, fungua kizibo cha kujazia oili ya gia boksi na uweke sikio. Ukisikia upepo, ni ya kulia. Paka povu na chini ya silinda, gasketi ya hapo hufanana dalili na oilsili.

Mkorosho Madimba

Oilsili za AG100 ni saizi gani, nizinunue kabisa?

Fundi Shangani

Usinunue kwa jina la pikipiki, hizi za mkononi unaweza kukuta krenki si ya kwake. Toa ya zamani, uso wake umeandikwa namba tatu: kipenyo cha ndani, cha nje na unene. Nenda dukani nayo. Mpya ipake grisi mdomoni, upande wenye springi uangalie ndani kwenye krenki, na uiingize kwa bomba la kipenyo chake. Ukiigonga kwa bisibisi upande mmoja mmoja, inaingia imepinda na itavuja wiki hiyo hiyo.