Bishopu na farasi mkononi, mwenzangu ana mfalme peke yake, bado nikapewa sare

Mtoto wa Shangani
Wakuu habari za jioni, naandika nikiwa na hasira. Jana hapa Mtwara mjini kwenye kijiwe chetu nyuma ya stendi nimecheza chesi na fundi mmoja wa simu, jamaa ana mdomo balaa. Nikamla kila kitu mpaka kabaki na mfalme, mi nna mfalme, bishopu wa nyeupe (anayetembea miraba meupe tu) na farasi. Nikajua huyu kaisha. Nikamsukuma taratibu mpaka kona ya h8 (safu ya herufi h, mstari wa nane), kufika pale kila nikimbana anatoka, namrudisha anatoka, na yeye kumbe anahesabu kwa sauti, wazee wa drafti waliokaa pembeni nao wakaanza kumsaidia kuhesabu, kufika hamsini kanyoosha mkono anasema sare. Sasa nauliza, hii meti, yaani kumbana mfalme kwa cheki asiwe na pa kutokea, kweli ipo au watu wanaisema tu? Na hiyo hesabu ya hamsini ni sheria au kanionea?

Korosho Mbichi
Hajakuonea. Mizunguko 50 ikipita hakuna kete iliyoliwa wala poni (wale wadogo wa mbele) aliyesogea, mtu ana haki ya kudai sare. Tena ushukuru hukucheza farasi wawili maana hao hata wakae mwaka mzima hawamlazimishi mfalme mtupu kufa.

Bibi Sataranji
Mwanangu meti ipo, na ukicheza sawasawa hata ukianzia mahali pabaya kiasi gani haizidi mizunguko 33, kwahiyo hamsini inakutosha na chenji inabaki. Kosa lako ni kona. Bishopu wako ni wa nyeupe, h8 ni nyeusi, pale hata ulale nae hafi mpaka akosee mwenyewe. Kona zako ni a8 na h1 basi. Yeye akijua hilo atakimbilia kona mbaya makusudi, na fundi wako naona analijua.

Sasa kumfikisha h8 siyo hasara, ndo njia yenyewe ilivyo, kazi ni kumtoa hapo umtembeze ukingoni mpaka a8. Panga hivi: mfalme wako f6, farasi f7, bishopu e4, yeye yuko g8. Bishopu aje f5, yeye f8, bishopu h7 kumfungia mlango wa nyuma, analazimika e8. Hapo farasi anaanza safari: f7, e5, d7, c5, b7. Ichore kwenye karatasi utaona herufi W. Mfalme wako anatembea nae sambamba, e6 kisha d6.

Pale farasi akienda e5 ndo watu wengi roho inawatoka, maana jamaa anaenda d8, mfalme wako e6, anachomoka c7 unaona kabisa huyo kakimbia. Usimfukuze na macheki, kumshambulia mfalme kila hatua! Weka farasi d7, akienda b7 au c6 mrudishe bishopu d3, anajikuta hana pa kwenda na anarudi mwenyewe ukingoni. Mi nilipoteza miezi kabla sijaamini hiyo d3.

Na kitu kimoja cha kushika, farasi akikaa kwenye rangi ya bishopu wako anashambulia rangi ile nyingine, kwahiyo wawili hao wanagawana ubao. Mwisho unakuwa hivi: mfalme wako b6, farasi a6, yeye a8, bishopu c6, kwisha.

Mmwera wa Lindi
Samahani Bibi ila kwa kijana wa kijiweni hii ni kazi bure, haitokei mara nyingi, bora ajue kumaliza na ruki (ile ngome) kwanza. Hata wakubwa inawashinda, 2013 kule Geneva Anna Ushenina, na alikuwa bingwa wa dunia wa wanawake wakati huo, alikuwa na bishopu na farasi dhidi ya Olga Girya ikaisha sare.

Bibi Sataranji
Mmwera nawe, ndo maana ajifunze, siku ikitokea awe tofauti. Halafu ukiijua hii unajua vipande vyako vinashirikianaje, hata katikati ya gemu inakusaidia, ruki anamaliza kwa nguvu tu hakufundishi hivyo.

Mtoto wa Shangani
Shikamoo Bibi. Nimeipanga kwenye simu toka saa mbili usiku, mara ya kwanza nimemaliza zote hamsini bado nacheka na farasi, mara ya nne nimemuua kwa 37 kisha umeme ukakata na chaji ikaisha. Hiyo bishopu d3 nilikuwa nairuka kila mara, nampiga cheki kwa pupa anatoroka mpaka katikati ya ubao naanza upya. Jumamosi namrudia fundi.

Korosho Mbichi
Sasa usimwambie umesoma huku. Muache ahesabu kwa sauti vilevile na wazee wake.