Mwenzetu aliyefia El Adde: tumwekee kumbukumbu shuleni vipi?

MtotoWaReli

Wadau, hamjambo. Naomba ushauri, hasa kwenu mliopitia jeshi na nyinyi walimu.

Kuna mwenzetu tuliyesoma naye shule ya msingi hapa Eastlands, ile mitaa iliyopakana na reli. Jina lake naliacha, na la shule pia, kwa kuwa mama yake hajaniruhusu kuyaanika mtandaoni. Alikuwa na miaka 25 kambi ya wanajeshi wetu ya El Adde, kule Somalia, ilipovamiwa na al-Shabaab alfajiri ya Ijumaa, tarehe 15 Januari 2016. Familia ilitoa sampuli za DNA, ikangoja, na mwishowe akazikwa Kakamega kando ya nyanya yake. Wanajeshi walimpa heshima zote: jeneza chini ya bendera, tarumbeta, risasi hewani, kisha bendera ikakunjwa akakabidhiwa mama. Pale sina la kulalamika.

Ila huyu mtu Kakamega alikuwa akienda Desemba tu, kama sisi wengine tunavyoenda ushago. Alizaliwa Pumwani, akakulia huku, na waliomjua wako huku. Mama yake bado anakaa nyumba ile ile, na akienda sokoni ni lazima apite mbele ya lango la shule.

Shuleni ndiye aliyekuwa mpiga kengele. Kengele yenyewe ni kipande cha reli kilichofungwa kwa waya kwenye mjakaranda, pamoja na nondo ya kugongea. Mwalimu wa zamu alikuwa akimwazima saa yake ya mkono, saa kubwa ya kiume, akiinua mkono inateremka hadi kwenye kiwiko. Alikuwa na mpigo wake: mbili nzito, kimya kidogo, kisha nyepesi nyingi za haraka. Akiwa mgonjwa, shule nzima ilijua kabla ya kuingia gwarideni, kwa sababu yeyote aliyeshika ile nondo badala yake alikuwa anagonga tu. Na mechi ya mapumziko ikiwa sare, haikosi dakika mbili tatu za nyongeza. Walimu walijua, wakanyamaza.

Elimu ya bure ilipoanza Januari 2003 tulikuwa darasa la saba. Tulibanana hadi wanne kwenye dawati, na darasa la kwanza likaja na vijana waliotuzidi urefu, wengine wana ndevu zinazoanza kuota. Yeye ndiye aliyekuwa akiwapanga foleni. Jumatatu na Ijumaa alikuwa miongoni mwa maskauti wanaopandisha bendera. Tafadhali asije mtu akaniambia kwamba basi jeshi lilikuwa damuni mwake. Alitaka kuendesha garimoshi. Alimaliza kidato cha nne, karo ya chuo haikupatikana, siku ya usajili wa makurutu ikafika, wakamkimbiza, wakamhesabu meno, wakamwona mzima. Ndivyo alivyoingia.

Sasa darasa letu limechanga ili tuweke kibao cha ukumbusho ukutani. Wengine wanataka cha shaba, chenye nembo ya jeshi na picha yake akiwa na sare. Mwalimu mkuu wa sasa alihamishiwa hapa juzi tu, hakumjua. Anasema tuandike "Shujaa wetu aliyelifia taifa", yatosha, tusitaje Somalia wala El Adde, eti ni mambo nyeti. Hapo ndipo tumekwama. Maneno hayo unaweza kuyabandika kwa mtu yeyote, mahali popote. Je, kuna sheria inayotukataza kutaja alikofia? Kibali kinaombwa wapi? Na kibao kiwe cha nini?

MzeeWaMabuti

Poleni sana, kijana wangu. Mimi nilistaafu jeshini kabla vijana hawajavuka mpaka kuingia Somalia, Oktoba 2011, kwa hivyo Somalia sitaizungumzia kama mtu aliyekuwako. Mambo ya taratibu nayajua.

El Adde si siri. Tarehe 27 Januari 2016 kulikuwa na ibada ya kuwakumbuka katika kambi ya Moi Barracks, Eldoret. Rais wetu alikuwapo, Rais wa Somalia alikuwapo, na wa Nigeria pia. Ikiwa marais watatu waliketi mchana kweupe kuwaombolezea watu waliofia mahali hapo, ukuta wa shule utakuwa na siri gani? Mwambie mwalimu mkuu hivyo, lakini kwa upole. Yeye anaogopa kuulizwa na wakubwa wake, na hofu hiyo si ya kuchekwa.

Nembo ni jambo tofauti. Nembo ya jeshi na ile ya taifa hazichongwi ovyo. Mkizitaka, andikeni barua kwa Wizara ya Ulinzi, Ulinzi House, Barabara ya Lenana, mwambatanishe barua ya familia. Msipozitaka, mmejipunguzia safari. Mimi ningeziacha.

Picha ya sare pia ningeiacha. Mtoto wa darasa la pili ataiangalia bunduki, hatauangalia uso. Kama kuna picha yake ya shuleni, hata ile ya darasa zima ambayo kila mtu amefumba jicho kwa sababu ya jua, tumieni hiyo.

Nambari yake ya jeshi, cheo na kikosi, vitoeni kwenye barua ambazo mama aliletewa. Msiandike kwa kukumbuka. Nimewahi kuona jiwe zuri la bei kali likiwa na kikosi ambacho marehemu hakukanyaga hata siku moja, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia mjane.

Shaba sahauni. Hapa Nairobi? Wiki haitaisha kabla haijapimwa kwenye mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu. Chukueni graniti nyeusi, maandishi yachimbwe ndani, yasipakwe juu.

KalamuNaChoki

Namuunga mkono afande, na nina la kuongeza kuhusu huku kuacha majina, maana si jambo geni mjini hapa.

Ukishuka Kenyatta Avenue utaona ile sanamu ya askari watatu wa shaba, ukumbusho wa Waafrika na Waarabu waliotumika katika Vita Kuu ya 1914–1918. Mmoja wao ni mpagazi, yule wa Carrier Corps, aliyebeba chakula na risasi mgongoni kutoka huku hadi Tanganyika. Wengi wao waliuawa na magonjwa na njaa kuliko risasi. Maandishi yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na yanawaahidi kwamba wakifa wakiipigania nchi yao watoto wao watalikumbuka jina lao. Zunguka sanamu nzima utafute jina hata moja. Hakuna.

Mwaka wa 2021, tume inayosimamia makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000 wa vita hivyo, na pengine hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi ni wa Afrika Mashariki na Misri. Kisha panda matatu uende makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong, ya vita vya pili, uone kazi ikifanywa sawasawa inavyokuwa: nambari, cheo, jina, kikosi, tarehe. Mawe ya mkubwa na ya mdogo yana kimo kimoja. Nimewapeleka wanafunzi pale, na hata wale watundu wa nyuma ya basi walianza kusoma majina kwa sauti bila kuambiwa.

Nayasema haya kwa sababu idadi ya waliofia El Adde serikali haikuitangaza. Februari 2016 Rais Hassan Sheikh Mohamud wa Somalia alitaja kwenye mahojiano 180 au karibu 200, Nairobi ikakanusha. Hoja yangu si hesabu. Ni kwamba pasipo na orodha, kibao cha shule kinakuwa ndiyo orodha, ya mtu mmoja. Kwa hiyo mahali na tarehe viandikwe.

La pili, na hili msilipuuze: msitegemee ndiyo ya mdomo ya mwalimu mkuu. Sisi walimu tunahamishwa. Anayekuja anapaka ukuta rangi ya kijani na kibao chenu kinaishia stoo na viti vibovu. Pelekeni ombi kwa bodi ya usimamizi, lijadiliwe kikaoni, liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, mpewe nakala yenye sahihi na muhuri.

Kijiwe_Jericho

Mtanisamehe. Mtaa huu umezika vijana wangapi ambao hawakuvaa sare? Waliopigwa risasi mitaroni, waliogongwa na treni, waliokufa kwa chang'aa. Hao hawana kibao. Na mpaka leo sijaelewa tulienda Somalia kufanya nini.

MtotoWaReli

@Kijiwe_Jericho, kibao hakitasema vita vilikuwa vizuri. Hakitasema lolote juu ya vita. Wewe ukitaka kumwekea wako, nitachanga, na nitasimama na wewe mbele ya hiyo bodi. Lakini usimtoe huyu kwa sababu wengine hawajaingizwa.

Afande na Mwalimu, nashukuru sana. Picha ya darasa la nane ipo, na kweli amefumba jicho.

DadaWaKahawa

Nimesoma yote na sijaona mtu akiuliza mama anataka nini. Mmeuliza ruhusa ya jina tu.

Mume wangu, naye askari, alifia Kulbiyow, huko huko Somalia, tarehe 27 Januari 2017. Mwaka mmoja na siku chache baada ya hao wenu. Kwa hiyo nisikilizeni.

Watu walinipenda sana mwaka wa kwanza. Kila aliyekuwa na kikundi alitaka kunikalisha mbele nikiwa na kitambaa cheusi, mheshimiwa azungumze, bahasha itolewe, picha ipigwe. Mwaka wa pili simu zikapungua. Wa tatu, kimya. Mimi kimya hakikuniumiza, kilichoniumiza ni kule kuonyeshwa. Msimfanye huyo mama awe mgeni wa heshima kila Januari, kusimamishwa juani mbele ya watoto mia tano. Mwekeni kibao mahali anapoweza kukifikia siku ya shule kufungwa, peke yake, bila kuomba funguo kwa mlinzi. Mmesema anapita langoni akienda sokoni. Basi ni langoni, upande wa nje au karibu na nje, si ofisini kwa mwalimu mkuu kando ya vikombe vya mpira.

Na muulizeni anaitwaje. Mume wangu jeshini walimwita kwa jina la baba yake, kanisani la ubatizo, na nyumbani kwao kwa jina la babu ambalo haliko hata kwenye kitambulisho. Kwenye tangazo la kifo nililisoma jina nikawa kama ninayesoma habari za jirani.

Jambo lingine. Andikeni "aliuawa". Msiandike "alitutoka" wala "alilala". Mwanangu alikuwa na miaka minne, akaambiwa baba amelala, akawa anaogopa kulala. Watoto wa shule wanasoma maneno kama yalivyo.

MtotoWaReli

Dada, pole, na asante. Nilikwenda kwa mama jana jioni. Nilikuwa na karatasi ya maswali, niliiacha mfukoni.

Kumbe ana lake. Jina analolitaka litangulie ni lile la nyumbani, la mjomba wake mama, ambalo sisi tulidhani ni la utani tu kwa sababu ndilo alilokuwa akimwita jioni kutoka kwenye ngazi za ploti. Majina ya jeshini yafuate. Kuhusu El Adde alishangaa kwamba kuna ubishi. Akasema, "Si ndiko alikokufa? Mnataka niwaambie watu alifia wapi?" Sherehe hataki. Anataka padri, chai na mandazi, na waliokuwa darasani mwake. Kisha akaniuliza kama ile reli bado iko mtini. Nikamwambia iko, ila siku hizi shule ina kengele ya umeme, reli hupigwa stima ikipotea. Akacheka, akasema basi inapigwa karibu kila siku.

Bodi inakutana mwezi ujao, barua imeshapokelewa na kugongwa muhuri. Mwalimu mkuu amelainika alipoambiwa kuhusu ibada ya Eldoret. Mahali tumependekeza nguzo ya lango, upande wa nje, juu kidogo ili mbuzi na wachora ukuta wasikifikie. Hii hapa rasimu, jina nimeliacha wazi:

*(Jina la nyumbani, kisha majina kamili)*
*Mwanafunzi wa shule hii, 1997–2004. Mpiga kengele.*
*Askari wa Jeshi la Kenya.*
*Aliuawa El Adde, Somalia, tarehe 15 Januari 2016. Alikuwa na miaka 25.*

Tatizo ni fundi. Anatoza kwa herufi, na anatushauri tufute "Mpiga kengele" na "Somalia" ili tubaki ndani ya bajeti.

MzeeWaMabuti

Andikeni "Jeshi la Nchi Kavu la Kenya", maana kuna la majini na la angani. Cheo kitangulie majina ya jeshini, kisikae mbele ya lile la nyumbani. Mama yake hakumzaa na cheo. Na Mpiga kengele msiguse.

KalamuNaChoki

"Tarehe" inaweza kuondoka, haiharibu kitu. Hizo ni herufi sita. Na mwambieni fundi aache nafasi chini. Shule ya umri huo haijampoteza askari mmoja tu, mtaona wazee wakija na majina yao kibao kikishawekwa.

Kijiwe_Jericho

"Somalia" ni herufi saba. Anatoza ngapi kwa moja? Nitumie nambari ya mchango. Juu ya vita, msimamo wangu ni ule ule.

MtotoWaReli

Nimekuandikia faraghani.