Mjadala: Hospitali za umma zinunue mipira ya mkojo inayozuia bakteria?

Mtoa mada: Wakuu, kuna hoja kwamba mipira ya mkojo ya kawaida iachwe, inunuliwe iliyopakwa madini ya fedha ili bakteria wasigande. Napinga, na si kwa sababu ya bei tu. Mwaka 2012 jarida la Lancet lilitoa utafiti wa Uingereza, wagonjwa zaidi ya 6,000, hospitali 24. Mipira ya fedha haikupunguza UTI zenye dalili. Yenye nitrofurazoni, dawa ya kuua bakteria, ilipunguza kiduchu, ila wagonjwa wakalalamika inawakera zaidi.

Wa maabara: Mkuu, umehukumu teknolojia nzima kwa mpira mmoja. Fedha kazi yake kuua. Siku hizi wanabadilisha uso wenyewe wa plastiki: unapakwa polima inayovuta maji, protini ambazo bakteria hujishikiza kwazo zinakosa pa kushika. Uso wa Sharklet, uliobuniwa Florida, Marekani, hauna dawa kabisa, ni vijistari vilivyoigwa ngozi ya papa. Halafu fedha hiyohiyo, kwenye bomba la kupumulia la wagonjwa mahututi (ICU), ilishusha nimonia kutoka asilimia 7.5 hadi 4.8. Hiyo ni jarida la tiba la Marekani, JAMA, 2008.

Mtoa mada: Bomba la kupumulia halilali ndani ya mkojo. Kwenye mkojo kuna bakteria aitwaye Proteus, anavunja urea, inatoka amonia, mkojo unapoteza tindikali, chumvi zinaganda. Pasua mpira ulioziba uone: ndani kuna ukoko mweupe, njia imebaki tundu la sindano. Ukoko ukishafunika hiyo ngozi ya papa, bakteria anaishi juu ya ukoko.

Nesi wa zamu: Mnabishania plastiki wakati mfuko wa mkojo uko sakafuni! Ndugu anamgeuza mgonjwa, anauweka mfuko kitandani, mkojo unarudi kibofuni. Mwingine kafanyiwa upasuaji Jumatatu, Ijumaa bado ana mpira, kisa hakuna aliyeandika utolewe. Na kila siku inayoongezeka, hatari ya bakteria kuingia kwenye mkojo ni kama asilimia 3 hadi 7. Utoeni mapema, hiyo ni bure.

Mwenye mgonjwa: Dada nesi, shikamoo. Mzee wangu ana tezi dume, kwake hakuna "utoeni mapema". Na huo utafiti wa Uingereza ulikuwa wa watu wa mpira wa siku chache. Yeye unamhusu nini?

Mtoa mada: Haumhusu moja kwa moja, kweli. Ila hatuwezi kununua kwa matumaini. Vali bandia za moyo za Silzone zilipakwa fedha kuzuia maambukizi. Mwaka 2000 zikaondolewa sokoni kwa sababu zilikuwa zinavuja pembeni. Kitu kinachokera bakteria kinaweza kukera na nyama ya mtu. Vipimwe kwanza.

Mwenye mgonjwa: Basi wapimiwe wanaoishi na mpira, maana kila utafiti mnaotaja ni wa waliolazwa. Mzee anabadilishiwa kila mwezi, na mpira tunanunua wenyewe duka la dawa.

Nesi wa zamu: Marahaba. Ukiziba kabla ya mwezi, usisubiri tarehe, mlete. Na muulize daktari kuhusu wa silikoni, tundu lake ni pana zaidi.