Fedha za tozo ya simu za dharura zinunue magari ya doria? Kura ni wiki ijayo

MjumbeMpya:
Wakuu, naombeni msaada. Miezi miwili iliyopita niliteuliwa kuingia kwenye bodi inayosimamia kituo chetu cha simu za dharura. Mimi si polisi wala fundi mitambo, nimeingia kama mwananchi wa kawaida. Nilikubali kwa sababu mama yangu aliwahi kuanguka bafuni usiku. Nikapiga namba ya dharura huku nimemshika kichwa, simu ikaita mara 11 kabla ya kupokewa. Aliyepokea akaniuliza anwani mara tatu, maana ramani yake ilionyesha nipo mtaa wa nyuma.

Kituo kinaendeshwa kwa tozo inayokatwa kila mwezi kwenye kila laini ya simu, na halmashauri inajazia kidogo. Taarifa ya fedha tuliyogawiwa ina kurasa mbili tu, na inaonyesha mfuko wa tozo una salio kubwa. Sasa limeletwa pendekezo tuchote humo tununue magari mawili ya doria. Wanasema simu bila gari la kuitikia mwito haina maana, na wenzangu wengi wanaelekea kukubali.

Nimekwenda kukiona chumba chenyewe. Kina meza nne, usiku zinakaliwa mbili. Kiti kimoja mkono wake umezungushiwa solotepu.

Je, bodi ina haki ya kukataa? Na nikisimama niulize nini bila kuonekana napinga polisi?

SikioLaUsiku:
Ndugu mjumbe, nimepokea simu hizi miaka 14, tisa kati ya hiyo zamu ya usiku. Kabla ya kujadili magari, uliza hilo salio limetoka wapi. Kwetu halikuwa akiba hata kidogo. Bajeti iliandika wapokea simu 12, tuliokuwepo tulikuwa saba. Mishahara ya wale watano ambao hawakuajiriwa ilibaki mfukoni, na mwaka ukiisha watu wanasema kuna pesa imekaa bure. Haikukaa bure. Sisi tuliilipa kwa zamu za saa 12 mfululizo, na waliopiga simu waliilipa kwa kusubiri.

Nikupe picha. Gari limepinduka barabara kuu. Ndani ya dakika mbili zinaingia simu 30, zote ni za gari lilelile. Ya 31 ni mzazi ambaye mtoto wake amekabwa na kitu kooni, naye yuko nyuma ya foleni kama wengine, kwa sababu mtambo haujui nani anaongea nini mpaka mtu apokee. Usiku mko wawili. Mmoja anamwelekeza mtu kukandamiza kifua cha mumewe na hawezi kukata. Kwa hiyo foleni nzima ni ya mtu mmoja. Huyo mmoja nimekuwa mimi, mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Jambo hili ni la zamani. Mwezi Novemba 1935 nyumba iliungua Wimpole Street, London, wanawake watano wakafa. Jirani alipiga simu kuita zimamoto, akabaki kwenye foleni ya opereta. Malalamiko yaliyofuata ndiyo yaliyozaa 999, namba ya dharura ya Uingereza, mwaka 1937. Vyombo vya zimamoto vilikuwepo. Aliyekosekana ni wa kupokea simu. Hilo ndilo jibu la hoja ya magari.

Omba takwimu za muda wa kupokea, ila usikubali wastani wa mwezi, maana wastani unaficha usiku. Dai saa kwa saa. Marekani chama cha wataalamu wa fani hii, NENA, kinataka asilimia 90 ya simu zipokewe ndani ya sekunde 15. Dai pia idadi ya simu zilizokatika kabla ya kupokewa. Kila moja ya hizo ni mtu.

HesabuWazi:
Nimekagua hesabu za umma kwa muda mrefu. Mkuu, tafuta sheria iliyoanzisha tozo na usome kifungu cha matumizi neno kwa neno. Haki yenu ya kukataa iko humo, au haimo. Kama inasema fedha ni za huduma ya simu za dharura, anayetaka kununua gari ndiye mwenye kazi ya kuonyesha gari linaingiaje.

Mvutano huu umewasumbua Wamarekani miaka mingi. Tangu sheria yao ya mwaka 2008, FCC, mamlaka yao ya mawasiliano, hupeleka taarifa bungeni kila mwaka kuhusu majimbo yanayopeleka kwingine tozo ya 911, namba yao ya dharura, na New York na New Jersey zimetajwa humo zaidi ya mara moja. Mwaka 2021 wakaweka kanuni kwamba vifaa vya polisi au zimamoto visivyosaidia moja kwa moja huduma ya 911 havikubaliki. Mishahara ya wapokea simu na mafunzo yao vinakubalika.

Na usijione mgeni hapo mezani. Jimbo lao la Illinois, kwa mfano, sheria inataka bodi kama yenu iwe na wajumbe wasiopungua watano, angalau watatu kutoka vyombo vya uokoaji na usalama, na mmoja awe mwananchi. Huyo mwananchi amewekwa makusudi. Dai daftari la mfuko lenyewe, siyo muhtasari wa kurasa mbili.

FundiSeva:
Naunga mkono, lakini msisahau mitambo. Ule mtaa wa nyuma ulioonyeshwa kwenye ramani huenda ni upande wa mnara wa simu ulionasa mawimbi yako tu, siyo mahali simu ilipo. Simu za kisasa zinaweza kutuma zenyewe taarifa ya mahali zilipo kwa usahihi zaidi, ila kituo kiwe na programu ya kupokea taarifa hiyo. Uliza mkataba wa matengenezo unaisha lini, na jenereta ilijaribiwa lini ikiwa imebeba mzigo wote. Kuiwasha dakika tano bila mzigo si majaribio.

MjumbeMpya:
Nawashukuru sana. Jana nilikaa pale chumbani kuanzia saa nne usiku hadi saa nane. Saa sita na robo simu tano zilikuwa zinaita pamoja, na wote wawili walikuwa wanaongea. Nilizisikia mbili zikinyamaza zenyewe. Dada aliyekuwa zamu, alipomaliza, alianza kuzipigia zile namba. Moja ilipokewa, ya pili haikupokewa, akaiandika na kuipeleka kwa doria.

Nimemwandikia katibu nikiomba daftari la mfuko, orodha ya nafasi zilizo wazi na takwimu za saa kwa saa kabla ya kura. Nimepata wajumbe wawili wa kuweka sahihi pamoja nami. Kifungu cha matumizi nimekisoma: kinasema "kupokea na kuelekeza simu za dharura". Nitakisoma kwa sauti kikaoni.